Mguu wa Mashine Topeni

Wiebren Dijkema ni fundi bomba mstaafu wa Holwerd, kijiji cha pwani ya Uholanzi, na aliyewahi kukaa naye dakika kumi tu anaijua sheria yake: maji ya bahari yakipwa, kwanza mashine ya mashua juu, halafu kahawa. Amewafundisha wakwe, wajukuu, hata mchungaji wa kanisa lake, ambaye hana mashua.

Jumamosi ile, akiwa na mkewe kusini mwa kisiwa cha Ameland, alianza na kahawa.

Jua lilikuwa zuri, basi. Mashua ikajikalia topeni kama kuku anayeatamia, na bahari ikaenda zake. Ndiyo raha ya watu wa kule: saa sita nzima huna pa kwenda wala wa kukuita. Wiebren alikuwa hajamaliza kikombe ubao wa tezi, ule wa nyuma unaobeba mashine, ulipolia: kriii.

"Mashine!"

Akakimbilia nyuma kuiinua. Kitasa cha kuiinulia kilikuwa kimeganda kwa chumvi. Mguu wa mashine ulishazama topeni, pangaboi lake halionekani, na mashua nzima inazidi kuulalia. Ama mguu uvunjike, ama ubao. Na bila mashine hawatoki hapo: upepo unavuma moja kwa moja kutoka bandarini, na mkondo wa kurudia ni mwembamba, hauna nafasi ya kugeuza tanga huku na huku.

Akaruka chini na kikaango, akaanza kuchimba.

"Kikaango changu hicho!" Tjitske, mkewe, alipiga kelele. "Jioni utakula tope?"

"Niache nifanye kazi, mama!"

Alichota, shimo likajaa. Alichota tena, likajaa tena. Juu ubao unalia, chini yeye anadidimia, magoti, mapaja. Akajaribu kurudi nyuma. Wapi!

"Nimekwama."

"Mguu upi?"

"Yote."

"Hongera. Sasa tuna miguu mitatu topeni." Tjitske akainama tezini. "Hiyo mashine imeshikwa na nini?"

"Skrubu mbili. Lakini huiwezi, ni kilo ishirini na saba!"

"Mama yako nimemnyanyua kitandani miaka minne. Alikuwa na kilo ishirini na saba?"

Tjitske akaifunga mashine kwa kamba ya kupandishia tanga, akalegeza skrubu, akaenda mlingotini kuvuta. Wiebren akasukuma kwa bega kutoka chini, uso umebanwa kwenye chuma, pumzi hana. Tope likanyonya. Likakataa. Kisha likaachia kwa mlio ambao mtu hautoi mbele ya mkwe akabaki na heshima yake.

Mashine ikaning'inia, mguu mzima, pangaboi halina hata kovu. Mashua ikashuka kidogo, ikatulia. Ubao ukanyamaza.

"Na mimi je?" akauliza Wiebren, tope kiunoni.

Tjitske aliifunga kamba vizuri kwanza. Ndipo akamtazama mumewe, juu hadi chini, yaani hadi kiunoni.

"Wewe," akasema, "skrubu zako ziko wapi?"