Gita la Mkono wa Kushoto

Abdulhalim wa Wiyoni hakupenda kuambiwa pole. Mwaka juzi, alipokuwa akiranda ubao wa mlango, mashine ilimvuta mkono wa kushoto, ikala kidole cha kati na cha pete, na nusu ya kidole cha shahada. Wiki mbili za kwanza alizipokea pole za watu kwa adabu. Baadaye alianza kuzirudisha.

"Pole ya nini?" humwuliza mtu palepale barazani. "Mimi sikufa."

Kazi ya nakshi aliirudia mapema, kwa tindo na nyundo, polepole. Kilichomkaa moyoni ni gita. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mpiga gita wa kikundi cha taarabu cha Taufiq. Hapakuwa na arusi kubwa Lamu wala Matondoni asiyoitwa. Sasa mkono uliokuwa ukibana nyuzi haukuwa na cha kubania. Taufiq, kwa huruma, alimpa kazi ya kufunga vipaza sauti, kisha aketi nyuma apige makofi. Alikwenda arusi moja tu. Ya pili alikataa.

Badala yake akachonga mti. Aliutoa kwenye kipande cha mkangazi, mwembamba, umbo la shingo ya gita, akaupigilia vipande vya waya vya kugawanya sauti na kuutandika nyuzi sita. Tumbo haukuwa nalo, kwa hivyo hata sauti haukutoa. Kila baada ya sala ya alasiri aliketi ukumbini akiubana kwa mkono wa kulia, mkono usiojua kitu, mpaka ncha za vidole zikafanya sugu. Majirani wakasema akili zimemruka. Mkewe, Mwanamkisi, ndiye aliyewajibu: "Mume wangu alikatwa zidole, hakukatwa kitwa."

Lakini mti si gita. Lile gita lake la zamani alijaribu kuligeuza, nyuzi nene zikae palipokuwa na nyembamba, likamkatalia. Daraja lake, kile kijiti cha tumboni kinachobeba nyuzi, lilikuwa limegandishwa kwa gundi, tena limelazwa mshazari kwa ajili ya mkono mmoja tu. Kila alipopanda juu ya shingo, sauti zilipotoka.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku picha ilipoingia kwenye kundi la WhatsApp la kuuziana vitu. Afisa mmoja wa kilimo huko Faza, jina lake Kamau, alikuwa anahamishwa bara na anauza gita. Halikufanana na magita ya Lamu. Kifua chake kilibinuka kama cha fidla, na kila upande kilikuwa na tundu refu lililopinda. Nyuzi zilipita juu ya daraja, zikaenda kushikwa na kipande cha shaba mwisho kabisa wa tumbo. Abdulhalim aliivuta picha mpaka ikawa ukungu mtupu.

"Mwanamkisi, hebu ndoo uone! Daraja hili halina gundi. Limesimama kwa kukandamizwa na nyuzi. Hili hugeuka."

Akaiuza ile mashine ya kuranda, akapanda boti ya asubuhi.

Gatini Faza alipokewa na kakake, Adnan, mwenye duka la vyakula. Adnan aliposikia alichofuata, uso ulimkunjamana.

"Mashine ya rizki umeiuza ununue gita? Ndugu yangu, Mngu ameshakwambia basi."

"Mngu hakunambia basi. Kilichonikata ni chuma."

"Watu watakucheka."

"Na wacheke. Kicheko hakikati kidole."

Hata hivyo Adnan hakumwacha aende peke yake. Wakatembea pamoja hadi nyumba ya Kamau, nyuma ya ofisi za serikali.

Kamau alikuwa mtu mpole, mvi zimeanza kumwingia. Alilitoa gita kwenye sanduku lake kama mtu anayemtoa mtoto usingizini. Alisema lilichongwa na fundi mmoja wa Limuru, aliyekaa nalo miezi kumi, na yeye mwenyewe amelipiga miaka tisa. Kisha akauona mkono wa mgeni wake, akalirudisha kifuani.

"Samahani, mzee. Hili gita ni la kupigwa. Siliuzi likaning'inizwe ukutani."

"Mimi nina ukuta wa kutosha, na sijauning'inizia kitu," alisema Abdulhalim. "Nipe nilitazame kwanza. Ukishanisikia, ndio ukatae."

Kamau akasita, kisha akampa. Abdulhalim hakugusa nyuzi. Aliligonga tumbo kwa kifundo cha kidole, sehemu baada ya sehemu, sikio karibu. Akaitazama shingo kwa jicho moja kama anavyotazama ubao kama umenyooka. Chini ya tundu la kushoto akasimama.

"Pana ufa hapa. Mwembamba. Hewa ya chumvi imeukausha ubao."

"Ufa? Sijawahi kuuona."

"Weka ukucha wako."

Kamau akaweka, ukucha ukanasa.

Ndipo Abdulhalim akaomba ruhusa ya kulegeza nyuzi. Akazibadilisha moja moja, nene chini na nyembamba juu, akalisogeza daraja, akaligeuza, akalipima tena kwa sikio. Uzi mnene haukuketi vizuri kwenye mfuo wake kule kichwani mwa shingo, akautia kipande cha karatasi iliyokunjwa. Kisha akalipakata kinyume. Risha ya kupigia nyuzi aliibana kwa gumba na kile kibutu cha shahada.

Alianza vibaya. Uzi wa pili ulikoroma. Adnan akainamisha macho. Abdulhalim akaanza tena, na safari hii mkono wa kulia ukakumbuka kazi uliyofundishwa kwenye ule mti wa mkangazi. Wimbo ulikuwa wa arusi, wa mwendo wa taratibu, na sauti zikatoka safi hadi juu kabisa ya shingo.

"Kwa sababu ya ufa nitakupunguzia," alisema Kamau.

"Usinipunguzie kwa sababu ya mkono."

"Nimesema ufa."

Wakapeana mikono. Kamau aliushika ule wa kushoto.

Nyumbani Abdulhalim aliuziba ufa, akachonga kwa mpingo kipande kipya cha kupitishia nyuzi kule kichwani. Miezi mitatu baadaye alimwambia Taufiq kwamba yuko tayari, lakini nyuma haketi tena.

Arusi yake ya kwanza na gita hilo ilikuwa papo hapo Wiyoni. Kabla ya kuanza, babake bwana arusi alimvuta kando, akamwomba kwa sauti ya chini avae glavu, wageni wasishtuke.

"Mkono huu ndio unaopiga, Bwana," alisema Abdulhalim. "Ukilitaka gita, utauona na mkono."

Akaketi mbele. Wimbo wa tatu ulimshinda. Vidole vilikosa njia na vijana wa mstari wa kwanza wakacheka. Taufiq alimgeukia, fidla begani, akimpa ishara aache ubeti upite. Abdulhalim alitikisa kichwa, akaurudia toka mwanzo kwa nguvu zaidi, na kikundi kizima hakikuwa na budi kumfuata.