Kikombe chenye Rangi ya Kucha

Mwaka mmoja wa njaa, nikiwa bado mtoto wa kaptura ya kufunga kwa kamba, mama alinipeleka porini kwenye mteremko wa kupandia Newala, tukachimbe ming'oko. Hiyo ni mizizi ya porini, sisi watu wa huku tunaichemsha na chumvi tunakula. Nikajaza kikapu, nikajiona mwanaume. Jioni chungu kikachemka mpaka kuni zikaisha, mizizi migumu vilevile. Kumbe nilifuata mmea mwingine wenye jani lilelile. Shangazi akaonja, akatema. "Huyu ametuletea binamu wa ming'oko," akasema. Tukalala na maji ya moto.

Nimeanzia mbali, lakini mzizi ule usioiva ndio unaonikumbusha mtani wangu. Tulilala vitanda jirani hospitalini Masasi, si zamani, miaka hii hii ya simu za kugusa. Mimi kifua kiliharibiwa na salfa, ile tunayopulizia mikorosho. Yeye Mmakonde wa Newala, kazi yake kuingia kwenye visima vya maji ya mvua na kusugua tope. Alishamaliza dawa za TB, kikohozi kikarudi, akapewa tena, wapi. Mimi Mmakua, basi utani haukuwa na likizo.

"Mtani, ninyi huko juu maji mnayatandikia kitanda kama mgeni."

"Afadhali sisi tunaoyatafuta. Ninyi yako mlangoni na hamuogi."

Tunacheka, tunakohoa, nesi anatugombeza.

Lakini kilichomuuma hakikuwa kifua. Nyumbani alikuwa anakula peke yake nyuma ya jiko. Kikombe chake mkewe alikipaka rangi ya kucha nyekundu ukingoni, watoto wasije wakakosea. Alichokuwa anakingoja ni siku ya kuambiwa arudi kwenye sinia moja na wanawe.

Siku moja daktari, binti mdogo tu, akaja akakaa kitandani kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akamweleza kwamba hadubini ilikuwa inaona vidudu, mashine mpya ikasema si TB, makohozi yakapelekwa mbali kuoteshwa. Majibu yamekuja. Ni vidudu vya ukoo mmoja na TB, lakini vyenyewe vinaishi kwenye maji na udongo.

"Siku hizi tukiwapima vizuri wanaorudirudi na kikohozi, tunavikuta kwa wengi kuliko tulivyodhani. Dawa zake ni nyingine, na ni za muda mrefu."

"Na wanangu?"

"Hivi havitoki kwako kwenda kwao, baba. Kula nao."

"Hebu rudia hilo la mwisho."

Akarudia. Alipoondoka nikamsimulia mtani habari ya ming'oko, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe mimi nimechemshwa na binamu," akasema.

Kesho yake mkewe akaja na uji. Daktari akamweleza yote, taratibu, naye akasikiliza, akaitikia, akamshukuru Mungu. Daktari alipoondoka, mama yule akafungua chupa, akatoa vikombe kwenye kapu. Mimi akanimiminia kwenye cheupe. Mumewe akammiminia kwenye kile chekundu. Sidhani kama alikuwa na ubaya. Mkono ulishazoea.

Laiti ningekinyakua kile kikombe nikanywa mimi. Mtani anaruhusiwa, mtani ananyang'anya hata msibani, nani angeshangaa? Nikapuliza uji wangu, nikatazama dirishani.

Yeye akanywa, akaumaliza wote.

"Mama watoto, uji mtamu. Ngoja nikakisuuze."

Nilimwona pale bombani. Akachota mchanga, akasugua ukingo muda mrefu, akasuuza, akakiinamisha juu ya saruji. Akaweka sawa kola ya shati. Kisha akapita getini, akashika barabara, wala si ile ya Newala.

Mkewe akaniuliza, "Bomba liko mbali, baba?"

"Si mbali," nikamjibu.

Hakurudi wodini, wala nyumbani.