Laptop Iliyotaka Hewa ya Mlimani

Mimi ni karani wa usharika mmoja huku Old Moshi, na laptop ya ofisi inanguruma tangu niajiriwe. Nilishaizoea. Ila Jumanne iliyopita iliongeza mluzi mwembamba usiokoma. Nikaifuta vumbi, wapi! Nikaitoa barazani, mluzi ukaisha. Nikamweleza Mchungaji, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba mashine imezeeka, inataka hewa ya mlimani, tununue mpya. Akaniamini, lakini akaita fundi kutoka mjini athibitishe.

Ijumaa fundi aliiweka mezani pangu, akasikiliza, akaizima, kisha akachomoa betri.

"Mchungaji, samahani," akasema. "Hii imezimika, na mluzi bado upo."

Akainama chini ya meza, akafunua kitenge. Palikuwa na dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi, nililolificha mwenyewe Jumatatu, nilipeleke kwa wakwe Jumamosi. Lilikuwa limevimba kama ng'ombe aliyekula majani mabichi, likipumua kwa shida kupitia mfuniko.

Mchungaji alilitazama dumu, akanitazama mimi.

"Na hili nalo, karani, linataka hewa ya mlimani?"