Malkia wa Kuzimu pale Kyebando

Simpendi yule mwenye kibanda cha video, na mtu asije akaniambia nimsamehe. Miaka ile baada ya vita alikuwa na kibanda cha mabati Kyebando, pale Kampala, na mimi, Mkenya, nilikuwa mfasiri wake. Siku za kazi niliuza misumari dukani Ntinda. Jumamosi alasiri nilikaa kando ya televisheni na maikrofoni, nikazima sauti ya filamu na kuisema yote kwa Kiswahili. Wateja walikuwa askari, polisi na wake zao, wengi watu wa kaskazini. Pale kwetu, mwenye maikrofoni ndiye filamu. Akisema mfalme ni kuku, basi ni kuku.

Mdogo wangu wa kike akaja kunitembelea kutoka Kitale. Mwenye kibanda akamkaribisha chakula nyumbani kwake, matooke, zile ndizi zao za kupondwa, na mchuzi wa karanga, na binti hakurudi tena! Mzee mzima, rika la baba yetu, ndevu kazipaka rangi nyeusi, anamweka ndani mtoto wa watu bila posa, bila hata salamu kwetu. Mama akaniletea ujumbe kwa dereva wa lori la mahindi: usikanyage hapa bila mwanangu. Kila nilipokwenda kumchukua, yule mzee alikaa katikati yetu akichokonoa meno.

"Huyu iko sawa," aliniambia. "Wewe enda fanya kazi."

Haki ya Mungu, nilitamani kumtwanga.

Ndipo ikaletwa filamu ya Wagiriki wa kale: bwana wa kuzimu anamnyakua binti wa mungu wa kike wa nafaka. Nikasema, leo ndiyo leo. Kuzimu nikaiweka Luzira, nyuma ya ukuta wa gereza. Mvushaji wa roho akawa mwenye mtumbwi wa Port Bell, anabishana na maiti juu ya nauli. Mbwa mwenye vichwa vitatu akawa askari wa getini: kichwa kimoja kinadai kitambulisho, cha pili kinaomba soda, cha tatu kinakoroma. Bwana wa kuzimu mwenyewe nikampa kikohozi cha bosi wangu, kijiti chake cha meno, na ile "huyu iko sawa" yake. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wake wa askari wakamgeukia mzee pale mlangoni, wakamnyooshea vidole. Nilifurahi, tena sana.

Kwenye filamu binti anakula punje za komamanga kule chini, na aliyekula cha kuzimu hatoki. Nikazigeuza matooke na mchuzi wa karanga. Mama yake anakasirika, anakataza mahindi yasiote, Kampala nzima inakosa posho, ndio ugali wao. Mdogo wangu alikuwa benchi la mbele, kainamisha kichwa. Nikajua aibu imemwingia, kesho tunapanda basi.

Nilikuwa na desturi yangu: neno la mwisho la filamu nilimpa mtazamaji mmoja aliseme yeye. Watu waliipenda. Binti akatokea kwenye skrini, analia, mdomo wazi, mama yake amemnyooshea mikono. Nikampa mdogo wangu maikrofoni. Mbele ya watu wote hao, angesema nini zaidi ya "nirudisheni kwa mama"?

Akasimama. Skrini hakuitazama hata kidogo, alinitazama mimi.

"Mama, hakuna aliyeninyakua," akasema. "Nilikula kwa mkono wangu, nikaomba nyongeza. Huyo kaka uliyemtuma, mwambie aache kunipigia kelele."

Kibanda kizima kikapiga makofi. Yule wa kwenye skrini alikuwa bado analia, lakini nani alimjali?

Yule mzee akapita katikati ya mabenchi, taratibu, akaichukua maikrofoni mkononi mwa dada yangu na kunirudishia mimi.

"Shemeji," akasema, "iko filamu ingine. Endelea."