Kuuliza Muhogo Mbele ya Kununua Nyumba

Siku ya kwanza ya kazi yangu tulikuwa watu wanne kwa Salumu, hapa Kasongo, upande wa chini karibu na kijito. Salumu mwenyewe, mwenye nyumba, ndugu mukubwa wa mume wangu. Mama Zaina, mujane kutoka Kabambare, aliyeuza shamba la marehemu ili watoto wake wakae karibu na masomo. Mujomba Ramazani, ndugu ya mama yangu, komisioneri: ndiye anayemukutanisha muuzaji wa parsele, ni kusema kiwanja na nyumba yake, na mununuzi. Na mimi Asha, niliyeacha masomo mwaka wa tatu wa primere, nimekuja kujifunza kwake.

Ilikuwa kiangazi. Kijito kilikuwa chembamba, kuku walikivuka bila kulowana magoti. Salumu alikuwa amepaka kuta zote chokaa mupya. Zaina alikwisha kuchagua mahali pa kitanda.

Mujomba akaniambia, "Asha, ng'oa muhogo moja pale nyuma ya jiko."

Nikazani ana njaa. Niling'oa, nikachukua kisu, nikaanza kumenya. Ndani ulikuwa mweusi, laini, unanuka.

"Shemeji," Salumu akacheka, "umekuja kuniuzisha nyumba ao kuvuna?"

Mujomba hakucheka. "Mama Zaina iko anangoja, binti. Umeona nini?"

Ndipo nikaelewa. Muhogo hauvumilii mayi yanayolala. Ukuta unapakwa chokaa. Muhogo uliooza haupakwi kitu. Lakini mume wangu na Salumu walikuwa wanakula sahani moja. Nikinyamaza, watoto wa Zaina watalala ndani ya mayi masika ikifika, na shamba limekwisha kwenda.

Nikasema, "Mama, mayi inaingia hapa. Inafika jikoni, na inakaa."

Salumu akanigeukia. "Wewe, ni ndugu yangu alikuoa, ao ni huyu mama?"

Zaina alikaa chini juu ya mutumba wake. Kisha akauliza, "Inapanda mupaka wapi?" Mujomba akakwangua chokaa kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na mustari wa udongo, sawa na goti la mutu muzima.

Zaina akautazama. "Basi, baba Salumu, mimi nanunua kuanzia goti kwenda juu. Ya chini ni ya kijito."

Salumu alikataa. Akangoja wengine, lakini habari ya ule muhogo ilikwisha kufika soko, na hakuna aliyekuja. Mwishoni bei ilishuka karibu nusu. Zaina akainunua, na kwa feza iliyobaki akaleta matofali ya kuchoma, akainua sakafu ya nyumba, akajenga ngazi mbele ya mulango. Masika ile mayi yalikuja, yakafika kwenye ngazi, yakarudi.

Kisha Mujomba alinituma Nyangwe. Kule watu wa muto Lualaba hawahitaji muhogo: parsele ya ukingoni ni ya mitumbwi, ya kulala ni ya juu, na bei ni mbalimbali. Mwishoni nilikaa Kabambare. Shefu wa karche, mukubwa wa mutaa, alinifokea siku moja, "Wewe mwanamuke wa mihogo, unashusha bei za watu wangu!"

"Shefu, ni mayi inashusha. Mimi naisema tu."

Siku hizi wauzaji wamekuwa wajanja, wanapanda mihogo mipya mbele ya kliyan, ni kusema mununuzi, kufika. Wajukuu wangu, muangalie shina: likiwa jembamba kama kidole, muulize ule wa zamani ulienda wapi. Na musinunue kiangazi kabla ya kuongea na jirani.

Salumu hakunisalimia kwa muda murefu. Halafu binti yake alitafuta parsele, na asubuhi moja nikamuona Salumu mulangoni kwangu, kofia mukononi. "Shemeji, kuja utung'olee muhogo." Nilienda, hata chai sikumaliza.

Sasa magoti yamekataa kuinama, nimeacha kazi, nimeshiba nayo. Majina nayashika yote. Ngazi za Zaina ndizo sina hakika. Nasema zilikuwa tatu. Anayepita pale ahesabu, na kama nimekosea anirekebishe. Lakini akikuta mbili, kwanza achimbe kidogo: mayi yakirudi yanaacha udongo.