Nilimwandikia marehemu maoni ya bustani kwa AI, na mjane wake alikuwa ukumbini

Wakuu, heshima zenu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nne. Leo naupandisha hivyo hivyo ulivyo. Kila nitakachosema kilitokea, isipokuwa majina nimebadilisha na ofisi sitaitaja. Mwenye hamu ya kuijua anisamehe.

Mimi ni mtu wa Arusha. Nimesomea misitu, nikasota mtaani bila ajira kama wengi wenu humu, mwisho nikapata mkataba mfupi kwenye halmashauri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mtaa una eneo la wazi, vumbi tupu na mijakaranda mitatu. Mafundi viatu wako pale, akina mama wa ndizi wako pale, watoto wanacheza mpira hapo hapo. Ikaamuliwa lifanywe bustani ya umma.

Mimi nikapewa orodha ya wakazi sitini kutoka ofisi ya mtaa. Nipite nyumba kwa nyumba, nimuulize kila mmoja anataka kijengwe nini. Kitakachotajwa na wengi ndicho kitaanza kujengwa, kingine kitasubiri mpaka Mungu apende. Nikapewa wiki mbili.

Kazi ya kutembea na kuuliza tu. Hata mtoto wa darasa la tano angeiweza.

Sasa mimi nina kashamba ka nyanya Nduruma. Wanaolima kule wanajua, maji ya mfereji ni ya zamu, na zamu ikikupita unabaki kuangalia jirani anavyomwagilia. Yangu ikaangukia wiki ile ya kwanza. Nikaenda. Wiki ya pili nyanya zikaingiliwa na ugonjwa, nikabaki huko huko kupiga dawa.

Nilivyorudi mjini imebaki siku moja ya kukabidhi ripoti, na sijagonga mlango hata mmoja.

Nikafungua laptop. Nikaipa AI orodha nzima, jina, umri na kazi ya kila mtu. Nikaiambia andika maoni ya kila mmoja kuhusu bustani, Kiswahili cha kawaida, yasifanane.

Wakuu, chai niliyokuwa nakunywa haikupoa. Maoni sitini haya hapa, yamenyooka. Mengine yana makosa kidogo, kama ya mtu aliyeandika amesimama. Nikaomba na picha ya bustani yenyewe, ikanichorea dada anakimbia na mbwa mweupe, na nyuma yake Mlima Meru umejaa theluji mpaka chini. Nilicheka peke yangu, nikaibandika kwenye ripoti. Nilijiona kichwa.

Kwenye orodha alikuwemo Mzee Elirehema, fundi viatu. Yeye aliandikiwa hivi, na naikumbuka neno kwa neno:

"Nimekaa hapa miaka mingi nikishona viatu. Naomba bwawa dogo la maji yanayoruka juu, lenye taa za rangi, ili jioni wajukuu wangu waje kufurahi."

Bosi wangu alipoisoma alinipiga bega. Akasema hii tutaisoma mbele ya wananchi.

Na kweli ikasomwa.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Diwani yupo, mwenyekiti wa mtaa yupo, ni mama mmoja mtu mzima, mpole. Bosi akasimama, akasoma maoni mawili matatu, kisha akafika kwa Mzee Elirehema. Aliyasoma kwa hisia, mpaka diwani akawa anaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Mstari wa tatu akasimama mama mmoja amejifunga khanga nyeusi. Hakupaza sauti.

"Samahani mheshimiwa. Huyo ni mume wangu. Tumemzika, huu ni mwezi wa tano. Hayo ameyasema lini?"

Kuna mtu nyuma alicheka, akanyamazishwa. Bosi akanigeukia mimi.

Wakuu, hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli nikafa siku hiyo hiyo nikapumzika. Badala yake nikasimama, nikakohoa, nikasema kwa Kiswahili cha ofisini kwamba orodha ya mtaa haikuhuishwa, kwa hiyo maoni ni ya mkazi mwingine, jina tu ndilo limechanganywa.

Yaani nikamtupia lawama mwenyekiti. Yule mama siku ananipa orodha aliniambia kwa mdomo wake, "Hii ya zamani kidogo mwanangu, ukipita majumbani utairekebisha." Alinitazama tu, kisha akainamisha kichwa. Hakunisuta. Mpaka leo sijui kwa nini hakunisuta.

Jina likafutwa, mkutano ukaendelea. Bwawa lenye taa likapita la kwanza, kwa sababu AI ilikuwa imewapa hamu ya bwawa watu wengi kuliko kitu kingine chochote.

Nyumbani nikamweleza mama yangu nusu ya habari, ile ya jina la marehemu. Mama yangu ni mtu wa Machame. Akaniuliza mjane ni wa wapi. Nikamwambia nimesikia kwao ni Kibosho.

Akasema, "Basi usiende mikono mitupu. Kata sale pale mpakani."

Kwa wasiojua: kwa Wachagga, ukimkosea mtu unampelekea jani la sale, ule mmea wa mpaka wa shamba. Akiletewa sale hakatai kusamehe, ni mwiko. Na nitasema ukweli wote maana ndio nimeahidi. Nilipolikata lile jani sikuwa na majuto yoyote ya maana. Nilikuwa nahesabu kwamba huyu mama hawezi kunikatalia, kwa hiyo yataisha kimya kimya na bosi hatachimba zaidi. Mila ya babu zangu nimeifanya njia ya mkato, kama nilivyoifanya ile laptop.

Nikafika. Nikapiga hodi, nikasema shikamoo, nikampa jani kwa mikono miwili. Mama Ndeshi, ndivyo anavyoitwa, akalipokea. Akaliweka juu ya meza pembeni ya Biblia. Akanimiminia chai.

Nikaanza kupumua.

Akasema, "Unajua Baba Ndeshi alikuwa anataka nini pale?"

Nikasema sijui mama.

"Choo."

Akanieleza taratibu, kama anamweleza mgeni njia. Mzee alikuwa na sukari, haja ndogo ikimbana haisubiri. Pale uwanjani hakuna choo. Alikuwa anakwenda kuomba kwenye gesti ya jirani, siku nyingine wanamruhusu, siku nyingine wanamfukuza. Alishakwenda kuomba choo kijengwe, akaambiwa asubiri wataalamu watakuja kuchukua maoni.

"Siku moja walimfukuza, hakufika. Akarudi nyumbani mchana kweupe suruali imelowa, anapita mbele ya wateja wake. Mtu wa miaka ile. Hakurudi tena kazini mpaka tunamzika."

Nikaweka kikombe chini wakuu. Mtaalamu aliyekuwa anasubiriwa ndiye mimi. Nilipotumwa alikuwa ameshazikwa, na bado hata mlango wake sikuugonga, nilikuwa Nduruma.

Nikataka kuaga. Akanizuia kwa mkono.

"Sale nimeipokea. La kwangu na lako limekwisha, sitalirudia. Lakini jirani yangu Mama Glory mmemwandikia anataka intaneti ya bure. Mama Glory hana hata simu ya tochi. Wewe hukumuuliza mtu yeyote, si ndiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi wale hamsini na tisa wako hai. Hao utawapelekea nini?"

Nilitoka pale najiona mchafu. Na bado, msije mkadhani niligeuka malaika, nilikaa kimya wiki tatu nzima. Nilikuwa naogopa kazi. Nikawa napita njia ya mbali ili nisiuone ule uwanja.

Siku niliyoshindwa kuvumilia ni siku nilipoona wamepigilia vigingi vya vipimo vya bwawa. Kigingi kimoja kimekitwa palepale alipokuwa anakaa Mzee Elirehema.

Nikaenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamwomba radhi. Akasema, "Niliumia mwanangu," akaishia hapo. Akaitisha kikao. Nikasimama mbele ya watu nikasema yote, kuanzia nyanya mpaka jani la sale. Nimetukanwa kwa Kimeru, kwa Kiarusha na kwa lugha nyingine ambazo sikuzielewa, na yote yalinistahili. Ofisini nimeandika barua ya kukiri. Mkataba haukuongezwa, na hilo silalamikii.

Kisha nikachukua daftari, nikaomba niwaulize upya, hata kama hakuna anayenilipa. Ujenzi umesimamishwa kwanza, haijulikani utaishaje. Inawezekana bwawa likajengwa vilevile.

Somo langu ni hili. AI haikumkosea mtu, ilifanya nilichoiagiza. Ingenisaidia sana kupanga majibu ya watu sitini kama ningekuwa nayo. Mimi nilitaka inipe majibu ya watu ambao sikutaka kuwaona usoni. Ninyi mlioko kwenye halmashauri, nawajua mnaitumia. Gongeni milango kwanza.

Komenti zenu nitasoma zote, hata za matusi. Ila mniambie kitu kimoja: bustani au uwanja wa mtaani kwenu, kuna mtu aliwahi kuja kukuuliza unataka nini?

Mimi mtu wa kwanza kumuuliza alikuwa Mama Ndeshi. Nilifungua daftari, nikamuuliza jina ingawa nalijua, nikamuuliza anataka kijengwe nini.

Akasema, "Choo utaandika baadaye. Andika kwanza kwamba mume wangu hakuyasema yale ya bwawa."