Siku Ambayo Ardhi Haikuwa na Mwenyewe

Mwezi uliopita vijana wawili wa chama cha kudai uhuru walifika nyumbani kwangu, karibu na Matema, wakitaka niwasimulie habari za utawala wa Wadachi. Nilibandika maharage. Kabla hayajachemka, mmoja wao aliniuliza kwa adabu, "Tata, ni kweli kwamba wewe ndiye uliyeuza ardhi ya rika lako?"

Neno hilo limesemwa kisogoni kwangu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sasa limesemwa usoni, kwa hiyo nalijibu.

Nilikuwa mkalimani wa boma kule mlimani. Nilivaa kanzu safi, niliheshimiwa na askari, na nilikula peke yangu. Asiyezaliwa kwetu hawezi kupima uzito wa jambo hilo la mwisho. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mwanamume haishi katika kijiji cha baba yake. Tangu utotoni hujenga pamoja na wenzake wa rika moja, akalima nao na kula nao hadi uzeeni. Utamu wa kukaa na wenzako tunauita ukwangala, nasi huamini kwamba akili ya mtu hutoka humo. Anayekula peke yake hudhaniwa mchawi.

Mara moja katika kila kizazi, wazee huwapisha vijana. Mioto yote ya nchi huzimwa, wazee hutoka katika nyumba zao, kisha moto mpya hupekechwa na kila nyumba huchukua kaa lake humo. Zamu yetu ilipokaribia, mwenzangu mmoja alipanda hadi bomani kunieleza kwamba rika limenitengea kiwanja kwenye migomba, kando ya Mto Mbaka.

"Rudi," aliniambia, "kabla hujasahau kutafuna mbele za watu."

Nilikusudia kuomba ruhusa ya kuacha kazi. Kabla sijafungua kinywa, Bwana Mkubwa, Mdachi aliyetawala boma, aliniamuru nijitayarishe kwa safari: alikuwa amekuja mlowezi anayetafuta shamba la pamba, nasi tungempeleka bondeni. Tulifika asubuhi ile ile ambayo mioto ilikuwa imezimwa. Nyumba za wazee zilikuwa tupu, majiko baridi, wala hapakuwa na moshi popote.

Bwana Mkubwa aliuliza mwenye ardhi ni nani. Mzee mmoja, ambaye alikuwa ametoka katika nyumba yake alfajiri hiyo, alijibu bila kusita: "Leo haina mwenyewe. Jana ilikuwa yetu, kesho ni ya vijana wetu."

Jibu hilo lilikuwa sahihi. Katika siku isiyo na moto hakuna anayethubutu kusema "yangu", kwa kuwa akisema hivyo huharibu makabidhiano. Mzee alijibu kama alivyowajibu watu wote maishani mwake. Hakujua kwamba mbele ya Serikali, asiyesema "yangu" amekwisha kunyang'anywa.

Nilitafsiri maneno yote, ya jana, ya leo na ya kesho. Bwana Mkubwa aliinua mkono.

"Imetosha. Ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Serikali."

"Bwana Mkubwa, ni kwa siku ya leo tu."

"Na Serikali imefika leo."

Mlowezi alicheka. Kisha niliamriwa kutangaza, nami nilitangaza. Kidachi hawakukijua, walichokisikia ni sauti yangu, kwa Kinyakyusa chetu.

Rika langu lilivuka mto na kupekecha moto wake kwenye tope. Niliwafuata na kigae mkononi ili nipewe kaa langu. Yule aliyekuja kuniita ndiye aliyesimama mbele ya moto.

"Ndaga, mwenzetu," alisema, kama anayenishukuru. "Kaa la nini? Boma si lina viberiti?"

"Mpeni," mwingine akadakia, "atatutafsiria ugali wa Serikali."

Walicheka wote. Nilirudi mlimani na kigae kitupu, wala sikuomba ruhusa ya kuacha kazi. Ningekwenda wapi?

Wengi hupenda kusema kwamba Bwana yule alikuwa mkatili. Sikubali. Alitimiza sheria yake sawasawa, na humo ndimo uovu ulimokaa. Serikali ile haikuwa na jicho la kuona mali ya wengi. Kitu cha mmoja ilikilinda kwa bunduki. Kitu cha wote ilikiita kitu cha bure.

Niliwauliza vijana wale: "Mtakapoishika serikali, mtaingia katika maboma yale yale. Mtauliza nani mwenye ardhi, au mtauliza ni akina nani wanaokula hapa?"

"Tata, kwanza tuipate," alijibu yule mwenye adabu. "Mengine baadaye." Wakasimama, walikuwa na mkutano Ipinda.

"Subirini maharage yaive."

"Siku nyingine, tata."

Chungu cha maharage hayo nilikinunua sokoni Lyulilo. Nilikuwa nimewaomba wanawake wa Kikisi kidogo zaidi, nao wakanishangaa: "Kidogo cha nini, tata? Sisi hatufinyangi chungu cha mtu mmoja." Basi nikachukua kikubwa, na chakula changu hukaa chini kabisa.

Maharage yaliiva jua likiwa bado juu. Nilipakua yangu, nikakiacha chungu wazi kwa muda ili harufu ifike njiani. Kisha nikakifunika.